Kitabu Kinachokwaruza Jirani Yake: Uchambuzi wa Kisa cha Jalada la Msasa katika Maktaba ya Vitabu Adimu

Kitabu Mémoires cha mwandishi Mfaransa Guy Debord, kilichotiwa rangi na mchoraji wa Denmark Asger Jorn na kuchapwa Copenhagen katika kiwanda cha Permild & Rosengreen, huorodheshwa kwa mwaka 1959, na tangu hapo kimekuwa mgeni msumbufu wa kila rafu kilikowekwa. Jalada lake la nje ni msasa. Ni msasa uleule wa seremala, wenye chembe kali zilizogandishwa kwa gundi juu ya karatasi nene, na upande wenye chembe umegeuzwa nje. Kila kinapochomolewa katikati ya vitabu viwili hukwaruza cha kushoto na cha kulia kwa pamoja, na kikirudishwa hukwaruza tena.

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha nakala moja ya kitabu hiki inapoingia katika maktaba ya vitabu adimu, iwe kwa kununuliwa au kwa kurithiwa pamoja na mkusanyiko wa mtu binafsi. Tangu inapofunguliwa kifurushi chake, wanaohusika wanapaswa kuamua mambo kadhaa ambayo kwa kitabu cha kawaida huamuliwa bila mtu kufikiri: kitasimama wapi, kitavishwa nini, nani atakishika na kwa namna gani, kitapigwaje picha, na katalogi itasema nini juu yake. Jibu la haraka ni kukitia ndani ya kasha, na jibu hilo ni sahihi, lakini maktaba nyingi hulifikia kwa sababu nusu. Husema kwamba kasha linawalinda majirani dhidi ya msasa. Hoja yangu ni kwamba baada ya miongo zaidi ya sita anayehitaji ulinzi zaidi ni msasa wenyewe, na kwamba uamuzi ukifanywa kwa kuwafikiria majirani peke yao, kasha litatengenezwa vibaya, kitabu kitashikwa vibaya, na maelezo ya katalogi yatakosa nusu ya habari.

Jalada lilikotoka

Hadithi inayosimuliwa mara nyingi humpa Debord sifa ya wazo hili, kwa kuwa jina lake ndilo kubwa na kwa kuwa uadui kwa vitabu vya watu wengine unafanana naye. Maelezo ya mchapaji, V. O. Permild, ni tofauti. Kwa kumbukumbu yake, aliyekuwa akimsumbua kwa muda mrefu ni Jorn, akitaka atafutiwe kitu kisicho cha kawaida cha kufunikia kitabu, na alichokitamani zaidi kilikuwa lami inayonata au labda pamba ya kioo, kwa sababu kwa utani alitaka mtu aliyewahi kukishika kitabu aweze kutambulika kwa kutazamwa tu. Permild ndiye aliyependekeza msasa, tena akautaja kwa daraja lake kama fundi anavyopaswa kuutaja: msasa wa gumegume (jiwe gumu la kutolea cheche), namba 2. Jorn akakubali kwa furaha, akianza papo hapo kuwaza kitabu kikilazwa juu ya meza ya mahogani iliyong’arishwa, au kikiingizwa na kutolewa rafuni huku kikiranda ngozi ya mbuzi ya vitabu vya pembeni.

Maelezo haya mafupi yana mambo matatu ambayo mkutubi hana budi kuyashika. La kwanza ni kwamba jalada lina wenyewe zaidi ya mmoja, na mmoja wao ni mchapaji; katalogi inayoandika tu kwamba mwandishi alibuni jalada la msasa inamnyima fundi haki yake na inapotosha historia ya kazi yenyewe. La pili ni aina ya msasa, habari ambayo kwa msomaji wa kawaida ni ya pembeni, lakini kwa mhifadhi ni sawa na kupewa cheti cha hospitali kabla ya kumwona mgonjwa. La tatu ni jina la mwathirika. Jorn hakuwaza vitabu vya bei nafuu vya jalada la karatasi. Aliwaza ngozi ya mbuzi, yaani vitabu vilivyojalidiwa kwa gharama, vya watu wanaovionyesha. Mkusanyiko wa aina hiyo ndio unaojaza ghala la maktaba ya vitabu adimu, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kitabu kimefika hapo kwa bahati mbaya.

Inafaa pia kukumbuka mazingira ya watu hawa wawili. Jorn, aliyezaliwa 1914, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la wasanii la Cobra mwaka 1948, na mwezi Julai 1957 yeye na Debord walikuwamo katika mkutano mdogo huko Cosio d’Arroscia, Italia, ulioanzisha jumuiya ya Wasituasionisti. Jumuiya hiyo ilidharau sanaa inayouzwa na kutundikwa. Debord hakukiingiza Mémoires katika biashara ya kawaida ya vitabu; nakala zilipita mkono kwa mkono kama zawadi. Hilo lina matokeo ya moja kwa moja leo: nakala nyingi ziliishi katika nyumba za watu, juu ya meza na katika rafu za kawaida, na hazikuanzia dukani zikiwa zimefungwa vizuri. Hali ya jalada la kila nakala ni kumbukumbu ya nyumba hizo.

Kilichomo ndani, na kitabu pacha

Ukurasa wa jina unatamka kwamba kazi yote imeundwa kwa vipande vilivyokuwa tayari. Tamko hilo ni la kweli kwa ukamilifu. Kila sentensi imekatwa kutoka mahali pengine, na pamoja na sentensi kuna ramani, picha za watu, michoro ya katuni na vipande vya matangazo, vyote vimechapwa kwa rangi nyeusi na kutawanywa juu ya ukurasa. Juu yao Jorn alimwaga, akachirizisha na kuburuta wino wa rangi, na mistari hiyo ndiyo inayobeba ukurasa na kumwonyesha msomaji njia kutoka kipande hadi kipande. Kitabu kina sehemu tatu zenye majina ya tarehe, yaani Juni 1952, Desemba 1952 na Septemba 1953, na kinahusu ujana wa Debord na wenzake wa Paris, japo hakuna mahali wanaposimuliwa kwa mfululizo.

Kwa mkutubi, kitabu cha namna hii kiko mpakani mwa idara mbili. Kwa umbo ni kitabu cha msanii; kwa malighafi ni mkusanyiko wa machapisho ya kupita, yaani vitu vilivyochapwa ili vitumike siku chache na kutupwa: matangazo, magazeti, vipeperushi, tiketi, vibandiko vya bidhaa. Maktaba kubwa zina hazina za vitu hivyo. Mojawapo iliyo mashuhuri ni ile ya John Johnson, aliyekuwa mchapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford kuanzia 1925 hadi 1946, ambayo tangu 1968 imo katika Maktaba ya Bodleian ya chuo hicho na ina vipande zaidi ya milioni moja. Kwa kawaida wasimamizi wa hazina za aina hiyo na wasimamizi wa vitabu vya wasanii hufanya kazi katika vyumba tofauti, kwa kanuni tofauti, na pengine hawazungumzi sana. Mémoires ni sababu nzuri ya kuzungumza, kwa maana anayetaka kujua kipande fulani kilikatwa wapi atahitaji msaada wa wale wanaohifadhi vitu visivyokatwa. Debord mwenyewe, mwezi Machi 1986, alitengeneza orodha ya asili ya vipande, kwa kadiri alivyoweza kukumbuka, na orodha hiyo imechapishwa pamoja na toleo jipya la 2004. Rekodi ya katalogi isiyomwelekeza msomaji huko inamwachia kazi ambayo imekwisha kufanywa.

Kuna kitabu pacha kinacholikaza tatizo. Mnamo Mei 1957, katika kiwanda hichohicho, Jorn na Debord walitoa Fin de Copenhague, nakala 200 tu, Debord akitajwa kwa cheo cha mzaha cha mshauri wa ufundi. Husimuliwa kwamba walikusanya lundo la magazeti na majarida kutoka duka la magazeti, wakayakata na kuyabandika kwa muda wa alasiri moja, na kesho yake wakafika kwa Permild na kolaji 32. Kisha Jorn akapanda ngazi na kudondosha wino kutoka juu hadi kwenye mabamba ya zinki yaliyolazwa chini. Jalada la kitabu hiki lilitengenezwa kwa kalibu za karatasi iliyokandwa, zile ambazo viwanda vya magazeti vilizitumia kumimina risasi iliyoyeyushwa ili kupata bamba la kuchapia. Baada ya kazi kalibu hizo hazikuwa na thamani. Hapa zilikatwa zikawa majalada, kila moja likiwa na alama za matangazo na habari zilizokuwa katika kipande hicho cha gazeti, kwa hiyo hakuna nakala mbili zenye jalada moja.

Kalibu ya karatasi ni kitu laini. Alama zake ni vilima na mabonde yaliyogandamizwa, na yakisuguliwa au kulaliwa na kitu kizito husawazika, na hakuna namna ya kuyainua tena bila kubuni. Sasa mtu na afikirie rafu inayopangwa kwa waandishi au kwa somo. Majina yaleyale, mji uleule, mchapaji yuleyule, miaka miwili tu kati yao: Fin de Copenhague na Mémoires vitasimama bega kwa bega. Utaratibu wa maktaba, ukifuatwa kwa uaminifu, unamweka aliye laini kuliko wote pembeni mwa yule aliye mkali kuliko wote, na ukwaruzo ambao Jorn aliuwazia mahogani na ngozi za matajiri unaishia juu ya kazi yake mwenyewe.

Silaha iliyo dhaifu

Msasa wa gumegume una tabaka tatu: karatasi ya mgongo, gundi, na chembe. Gumegume ni aina ya kwatzi, na kwatzi iko katika ngazi ya 7 kati ya 10 za kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs, juu ya kioo cha kawaida cha dirishani na juu sana ya ngozi, kitambaa, karatasi na vanishi. Kwa hiyo chembe moja moja ni adui wa kila kitu kilichomo ghalani. Lakini zinachoshikwa nacho ni dhaifu. Kwa desturi misasa ya aina hii iligandishwa kwa gundi inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na gundi hiyo hunywa unyevu wa hewa ikalegea, kisha hewa ikikauka hunywea na kupasuka. Misimu ikipishana mara nyingi, gundi huachia. Msasa huu ni wa bei rahisi hata kwa seremala, ambaye anautarajia uishe baada ya ubao mmoja au miwili. Hakuna aliyeuunda ukae miaka sitini.

Ukiongeza kwamba karatasi hiyo imekunjwa kwenye mgongo wa kitabu na kwenye kingo, picha inakamilika. Kwenye mikunjo tabaka la gundi na chembe haliwezi kupinda, hivyo hupasuka na kumwaga chembe. Kila anayelifungua jalada huongeza ufa. Kila kitabu kilichokwaruzwa kimeondoka na kovu, na msasa nao umeondoka na chembe pungufu. Nakala iliyotumika sana huwa na upara mgongoni na kwenye pembe, karatasi ya chini ikionekana.

Chembe zilizoanguka ndizo hatari isiyotajwa. Zikiteremka kwenye mfereji kati ya kurasa, hufanya kazi ya msasa huko ndani, kila kurasa zinapofunguliwa, juu ya wino wa rangi ambao ndio uhai wa kazi ya Jorn. Kwa maneno mengine, mwathirika aliye karibu kuliko jirani yeyote ni kitabu chenyewe. Maktaba inayowaondoa majirani na kukiacha kitabu peke yake rafuni bila hatua nyingine, jambo ambalo linaweza kuonekana la busara, haijafanya chochote kuhusu hatari hiyo.

Kasha, na makasha yasiyofaa

Kasha linalopendwa na wauzaji wa vitabu adimu ni lile la kuchopeka, lililo wazi upande mmoja, ambamo kitabu huingizwa na mgongo wake ukabaki nje. Kwa Mémoires hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu kila kuingiza na kutoa ni kusugua pande mbili za jalada kwa ukuta wa kasha, yaani msasa unafanyishwa kazi yake ya asili kila msomaji anapokuja. Bahasha ya plastiki angavu ya poliesta, ambayo kwa majalada ya kawaida ni dawa nzuri, nayo haifai: hukwaruzika mara moja ikapoteza uangavu wake, na umeme tuli ulio juu yake huvuta chembe zilizolegea.

Linalofaa ni kasha la kufunguka, la kadibodi isiyo na asidi, ambalo kuta zake hulala chini ili kitabu kiinuliwe kwenda juu bila kuburutwa. Kitabu kilazwe ndani bila kusimamishwa. Chini yake na juu yake kuwe na karatasi nzito laini isiyo na nyuzi, iliyokatwa kwa kipimo na isiyobandikwa, ili iweze kubadilishwa. Kitambaa kisitumike kabisa, kwa kuwa nyuzi hunasa kwenye chembe na kuzing’oa. Karatasi hiyo ya ndani ni kipimo pia: ikitolewa na kutazamwa kwa vipindi vinavyojulikana, itaonyesha ni kiasi gani cha chembe kimeanguka na kutoka upande gani. Ghala lenyewe liwe na hewa isiyobadilikabadilika. Maghala mengi hulenga nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 40 hadi 50, na kwa gundi ya wanyama utulivu wa hali hiyo una faida kuliko tarakimu kamili.

Swali gumu zaidi ni kama mhifadhi aimarishe chembe zinazolegea kwa kupaka gundi nyembamba juu yake. Kiufundi inawezekana. Lakini gundi hiyo ingefunika ncha za chembe, na msasa usingekwaruza tena kama mwanzo. Kitabu kingebaki na sura yake na kupoteza tendo lake. Kwa kazi nyingine yoyote ya sanaa mhifadhi asingesita kuzuia kipande kisianguke. Hapa kuzuia kuanguka ni kunyang’anya silaha, na sioni kwamba maktaba ina haki hiyo. Nionavyo, upakaji wa jumla ukataliwe, na tiba iishie kwenye karatasi ya mgongo pale inapochanika, kwa kuitegemeza kutoka ndani kwa karatasi nyembamba ya Kijapani. Hata hapo tahadhari inahitajika, kwa maana uji wa wanga unaotumiwa kwa kawaida una maji, na maji yakipenya hadi upande wa pili huilainisha gundi ya wanyama na kusababisha hasara iliyokuwa ikizuiwa. Gundi iliyo kavu iwezekanavyo, kwa kiasi kidogo, ndiyo njia.

Wapo wanaopendekeza jalada livuliwe, lihifadhiwe bapa katika folda yake, na kitabu kivishwe jalada jipya la msasa wa dukani kwa ajili ya wasomaji. Pendekezo hili lina mantiki kwa nakala ambayo mikunjo yake imekatika kabisa na chembe zake zinaingia katika kurasa. Kwa nakala iliyo na nafuu silioni kuwa na maana. Msasa mpya ni mkali kuliko ule wa zamani, hivyo utazidisha madhara. Tena msomaji anayekuja kutaka nakala ya kwanza, ilhali maandishi na picha zake vinapatikana katika matoleo mapya tangu 1993, kwa sehemu kubwa amekuja kwa ajili ya jalada hilo.

Mezani kwa msomaji na mbele ya kamera

Kanuni za chumba cha kusomea zimeandikwa kwa vitabu visivyodhuru. Sifongo na mito iliyofunikwa kitambaa, ambayo huwekwa chini ya vitabu ili visifunguke kupita kiasi, hunaswa na msasa. Itandikwe karatasi nzito juu yake kwanza. Glavu za pamba hazifai kwa sababu ileile ya nyuzi, na mikono mikavu iliyonawiwa ndiyo salama zaidi kwa kitabu, na si mbaya kwa msomaji pia, kwani namba 2 si kali kiasi cha kumtoa damu. Meza iliyopakwa vanishi ifunikwe. Hapa Jorn angecheka, kwa kuwa maktaba nzima inatandika karatasi kwa ajili ya utani wake wa mahogani, na sidhani kwamba kuna aibu katika hilo.

Msomaji aruhusiwe kugusa jalada. Kumpa kitabu kikiwa kimefunikwa kwa karatasi, au kumwambia atazame tu, ni kumpa toleo jingine. Kinachoweza kudhibitiwa ni mwendo: kitabu kiinuliwe bila kuburutwa, kifunguliwe kikiwa kimelala, na mfanyakazi ndiye akitoe na kukirudisha kashani.

Upigaji picha una mtego ambao hujitokeza pale kazi inapokabidhiwa idara isiyoelezwa habari za kitabu. Skana ya kulaza ina kioo, na kwatzi hukata kioo. Kubonyeza jalada hili juu ya skana kutaharibu mashine na kung’oa chembe kwa wakati mmoja, na mistari itakayobaki kwenye kioo itaonekana katika kila picha ya kitabu kingine itakayopigwa baadaye, jambo ambalo bila shaka lingewafurahisha waundaji wake. Kamera ya kutundikwa juu ndiyo itumike, bila bamba la kioo la kubana kurasa. Mwanga uwe wa namna mbili: ule wa kawaida unaoonyesha kurasa, na wa ubavuni unaoinua kivuli cha kila chembe, ili picha ya jalada iwe rekodi ya hali yake siku ile na iweze kulinganishwa na picha za miaka ijayo.

Maonyesho nayo yana ugumu wake. Kitabu kikionyeshwa kimefungwa, watazamaji huona msasa na hawaoni kazi ya rangi. Kikifunguliwa, kinyume chake. Stendi za akriliki hukwaruzika. Na ndani ya kabati la kioo, ambamo hakuna anayeweza kukigusa, jalada hugeuka picha tu. Hata hivyo kinaonyeshwa, na kwa heshima kubwa: serikali ya Ufaransa ilitangaza nyaraka za Debord kuwa hazina ya taifa mwaka 2009, Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ikazipata mwaka 2011, na 2013 ikamfanyia maonyesho makubwa. Mtu aliyeishi akiipiga vita dola na utamaduni wake sasa analindwa na dola hiyo. Wengi huliona hilo kuwa kinyume cha kuchekesha. Mimi naona kwamba walau nyaraka hizo zimebaki pamoja.

Katalogi, na vitabu vilivyoumia

Rekodi nyingi huishia kwenye maneno mawili au matatu, kwamba jalada ni la msasa. Kwa kisa hiki hayatoshi. Rekodi itaje aina na daraja la msasa kama Permild alivyolitaja, itaje mchango wake na wa Jorn, na itofautishe jalada kamili na lililopotea sehemu, kwa kueleza upara uko wapi. Nakala iliyokosa jalada iandikwe hivyo waziwazi, kwa sababu jalada ni la kuvishwa na linavulika, na wamiliki waliojali rafu zao walikuwa na kila sababu ya kulivua. Tarehe ya kutiwa ndani ya kasha iandikwe pia: kuanzia siku hiyo mabadiliko ya jalada yana chanzo kingine, na mtafiti anayelinganisha nakala mbili anahitaji kujua ni ipi iliyoishi huru kwa muda mrefu zaidi.

Inapotokea kwamba mkusanyiko mzima wa mtu umekuja kwa pamoja, kazi haijaisha. Vitabu vilivyosimama pembeni mwa Mémoires katika rafu ya mwenyewe vitafutwe kabla ya kutawanywa, kwa kuwa vina alama. Ukwaruzo wa msasa hutambulika: ni mistari mingi myembamba inayokwenda sambamba, kwa mwelekeo wa kitabu kinavyotolewa rafuni, upande mmoja tu wa jalada. Mhifadhi mwenye bidii ataona uharibifu na kutaka kuutengeneza kwa nta na rangi. Azuiwe. Alama hizo ndizo ushahidi kwamba kitabu kilitenda kilichoundwa kutenda, na kwa kadiri ninavyoona zina thamani kuliko ngozi iliyotengenezwa upya. Rekodi za vitabu hivyo ziandikiwe kwamba vimekwaruzwa na Mémoires, na rekodi ya Mémoires ivitaje kwa alama zao za rafu, hata kama kimoja ni kitabu cha kawaida ambacho kwa thamani yake peke yake kisingeingia ghala la vitabu adimu. Kitabu cha namna hiyo kihamishiwe humo kwa sababu ya kovu lake.

Rafuni, kasha la Mémoires lilazwe karibu na lile la Fin de Copenhague, kila kimoja katika kasha lake, kwa namba zinazofuatana, na lebo ya nje ya kasha la kwanza imweleze mfanyakazi asiyekijua kitabu mambo mawili: kwamba kilichomo kiinuliwe bila kuburutwa, na kwamba kisipelekwe kwenye skana.